Mzee Ushahidi na Kadi ya Kupauka

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mhariri wetu mkuu wa kamusi anastaafu. Hapa ofisini tunamwita Mzee Ushahidi, na yeye anajua. Mimi, msaidizi wake kwa miaka kumi na mmoja, nimeombwa niandike kwa upole. Nitajaribu.

Alianza kama mpiga taipu, akapanda hadi kusimamia kamusi tatu za shule. Hakuna kosa lililompita, wala hakuna kazi aliyoitoa kwa wakati. Kwa ajili ya neno kupauka alitundika vitambaa viwili dirishani, kimoja cha kufuliwa kila wiki, kingine cha kuachwa juani tu, ili aone kwa macho yake tofauti ya kuchujuka na kupauka. Vilikaa miaka miwili. Mfuaji nilikuwa mimi.

Maana ya kitambaa akaipitisha, na ya ngozi kavu pia. Kasheshe ikawa maana ya kifasihi. Watunzi wa riwaya huandika kuhusu uso uliopauka kwa huzuni. Yeye akang'ang'ania kwamba uso hupauka kwa kukosa mafuta, na kwamba watunzi wanaigana tu. Nilimletea mifano arobaini, akairudisha yote. Bila saini yake kwenye kadi ya kila neno, kamusi yetu mpya haiingii mtamboni, na akishaondoka kamati mpya ingeipitia upya kuanzia herufi A. Miaka sita ya jasho letu ilikwama kwenye kadi moja. Jamani, mtu huyu amenichosha!

Mwezi uliopita nilimzika mama yangu. Niliporudi kazini wenzangu walinipa pole. Yeye alinitazama, akavua miwani, akaivaa tena, akaingia chumbani kwake. Hata pole hakusema. Iliniuma sana.

Jumatatu iliyofuata nikaikuta kadi mezani kwangu, ina saini. Mfano aliuandika kwa mkono wake: "Aliporudi kutoka kumzika mama yake, uso ulikuwa umepauka."

Nilimnunia siku mbili. Angeniuliza kwanza! Siku ya tatu niliipeleka kadi mtamboni bila kugusa hata nukta.

Mzee wetu, mama yangu hakuingia darasani hata siku moja, na sasa yumo kwenye kamusi. Asante. Kapumzike kwa afya na furaha, na wajukuu wakuvumilie kama tulivyokuvumilia sisi.