Kelele Iliyoizidi Filimbi ya Mikindu

Risala ya wapanda pikipiki wa kiwanja cha Mikindu, Mabogini, kwa mgeni rasmi, siku ya kufungua msimu wa mbio

Mgeni rasmi, viongozi wa dini na wa serikali mliofuatana naye, wazee wetu wa Mabogini, nanyi wazazi mlioteremka kutoka Mwika, shikamooni. Wenzetu wa rika, habari za asubuhi.

KUKUKARIBISHA

Mgeni rasmi, umeingia kiwanjani leo na hukusikia kitu. Tuliona ulivyogeuka pale getini kutazama pikipiki zilizopangwa safu mbili, kama mtu aliyefika arusini akakuta ngoma zimefunikwa. Usitufikirie vibaya. Desturi yetu ni kumngurumishia mgeni injini zote kwa pamoja mpaka vumbi linyanyuke, na wageni waliokutangulia waliipenda sana. Leo tumeiacha kwa makusudi, na sababu imo humu.

Anayekusomea ni Stella, mwalimu wa shule ya msingi na mpuliza filimbi wa kiwanja hiki. Risala tumeiandika sisi. Alipoikuta ina jina lake aliomba tulitoe, tukakataa. Basi akasema ataisoma kama anayesoma habari za mtu mwingine, na sauti ikimkatika tumsubiri. Tunakuomba nawe umsubiri.

HISTORIA YA KIWANJA

Zamani vijana wetu walikimbizana kwenye lami ya kwenda Himo, katikati ya malori na mabasi, na ilikuwa haipiti masika hatujazika mtu. Mikindu palikuwa njia ya kurukia ndege ndogo za kunyunyizia dawa mashambani. Ndege zilipoacha kuja, pakaota majani, mbuzi wakapafanya kwao. Denis, mdogo wake Stella, bodaboda wa kijiwe cha Himo, ndiye aliyefumbua macho yetu. "Oya," alisema, "tunafia barabarani bure na huku kuna uwanja umelala!" Wazee wa Mabogini wakaturuhusu, tukafyeka, tukachonga kona. Ikawa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mwenye kiu ya mwendo anakuja kuimaliza hapa.

Mwanzoni wakulima wa mpunga walitupenda kuliko watoto wao. Ngurumo zetu ziliwafukuza kweleakwelea, wale ndege wanaokula mpunga, mashambani, na mzee Elifuraha, ambaye majaruba yake yamepakana na kiwanja, alikuwa akituletea maji ya kunywa kwa mkono wake mwenyewe. Mapenzi hayo hayakudumu. Vijana walianza kutoboa ekzosi ili pikipiki ilie kama inachinjwa, na kelele ikavuka majaruba ikafika kanisani. Iliharibu ndoa, iliharibu na mazishi, maana Jumamosi ndiyo siku ya vyote viwili. Mzee Elifuraha akaja tena, safari hii bila maji. "Vijana," akasema, "ndege wameshaondoka. Sasa mnataka niondoke na mimi?"

Tuliona haya. Tukatafuta kipimo cha sauti, tukaweka kikomo cha desibeli tisini na tano, na kila pikipiki ikawa inapimwa getini kabla ya kuingia. Mwenye ekzosi iliyotobolewa alirudishwa, awe nani.

MAFANIKIO

Vijana wa umoja huu waliacha kushindana barabarani. Hilo tu lingetosha kuandikiwa risala.

La pili ni filimbi. Hapa vumbi ni jingi, na kwenye kona ya mbali bendera nyekundu haionekani hata ukiipeperusha mpaka mkono uchoke. Kwa hiyo alama yetu ya kusimama ni filimbi, na filimbi ilikuwa ya Stella, ile anayochezeshea watoto netiboli. Pikipiki zilipokuwa ndani ya kikomo, aliyevaa helmeti aliisikia vizuri. Stella akipuliza, kiwanja kizima kinasimama. Denis alikuwa akimtania, "Dada, wanafunzi wako nawaonea huruma." Naye Stella alikuwa anajidai kidogo, na alikuwa na haki ya kujidai.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, changamoto ya kwanza tuliletewa na furaha. Mwaka juzi, mgeni wetu wa siku hiyo alisimama hapo ulipoketi akasema kwa kucheka kwamba sherehe bila kelele ni matanga, waacheni vijana wangurume kidogo. Tulipiga makofi sana. Kipimo kikafungwa kwenye boksi siku hiyo, na tangu hapo kikawa kitu cha kubembelezwa. Huyu ni mtoto wa fulani, apite. Yule ametoka mbali, apite. Mwaka uliofuata tulipata vyote viwili, kelele na matanga.

Changamoto ya pili ilitoka migombani kwetu. Aliyebanwa na kipimo alichukua majani makavu ya mgomba, akayasokota, akayalowesha maji, akayashindilia ndani ya bomba la ekzosi. Getini pikipiki inakohoa kwa adabu, inapita. Ikishazunguka kidogo, majani yanakauka, yanaungua, yanatemwa nje, na kelele inarudi yote. Harufu ilikuwa inajulikana. Ikitufikia kwenye turubai, watu walicheka wakiulizana nani tena anachoma ndizi. Stella naye alicheka. Anasema leo hawezi kupita mahali panapochomwa majani ya mgomba bila kuziba pua.

Jumamosi moja ya mwaka huo Denis aliteleza na pikipiki yake kwenye kona ya mbali. Hakuumia sana. Stella alimwona kupitia vumbi, ameketi katikati ya njia ameshika goti, na moyo wake ulitulia kwanza, akasema, "Huyu naye, atanisumbua jioni na vidonda vyake." Kisha akapuliza filimbi. Pikipiki zote zikasimama isipokuwa moja. Ilikuwa ya Martin, rafiki yake Denis wa kijiwe kimoja, walikuwa wakila sahani moja. Asubuhi hiyo Martin alipita getini kimya mpaka tukampongeza. Sasa majani yalikuwa yameshaungua, naye yuko chini ya kelele yake mwenyewe, hasikii la mbinguni wala la duniani.

Stella alipuliza, akapuliza tena, akaanza kukimbia huku anapuliza. Denis aliisikia. Aligeuza kichwa kumtazama dada yake, akainua mkono kama kumwambia nipo salama. Martin hakuisikia.

Na sisi, mgeni rasmi, hatukujifunza hata hapo. Bodaboda akifa, wenzake humsindikiza kwa kungurumisha, ndiyo heshima tunayoijua. Tulifungua ekzosi zote, tukapanda na jeneza mpaka Mwika tukitikisa mlima, tukaingia nalo kihambani, shamba la nyumbani kwao, mpaka kwenye kaburi lililochimbwa kando ya mibuni. Padre alisoma, hakusikika. Mama Redempta, mama yake Denis na Stella, alisimama kutoka kwenye mkeka, akatujia. Hakupiga kelele. Alitushika mikono mmoja mmoja, akituambia, "Zimeni, wanangu. Mtoto wangu ameshachoka na hiyo kitu." Tulizima. Aibu ile bado tunayo.

Siku za matanga zilipopita, wazee wa ukoo wa Martin walipanda Mwika na jani la sale. Kwetu Uchaggani mtu akikujia na sale kuomba radhi hukatai, hata kama moyo unavuja damu. Mama Redempta alilipokea. Stella siku hiyo alikuwa shuleni. Mpaka leo anapoisoma risala hii, hajazungumza na Martin, na Martin hajapanda pikipiki, hata ya kubebwa. Anatembea kwa miguu kwenda sokoni Himo, na gari la mizigo likinguruma nyuma yake anatoka barabarani anasimama kwenye majani mpaka lipite.

MAOMBI YETU

Tunasikia kiwanja hiki kitafungwa kwa sababu ya kelele. Hatuwezi kusema wanaotaka kukifunga wamekosea. Tunachojua ni kwamba kelele haitafungwa pamoja nacho. Itarudi kwenye lami ya Himo, na huko hakuna kipimo wala filimbi. Tulipokaa kikao juu ya jambo hili, Stella alikuwa wa mwisho kusema. Tulidhani yeye ndiye atakayesema kifungwe, na kama angesema, hakuna ambaye angembishia. Alisema hivi: "Mkikifunga nitaenda kuzika mdogo wa mtu mwingine. Fungeni kelele, kiwanja kiacheni." Ombi letu la kwanza ndilo hilo.

La pili, tunaomba kikomo cha sauti kiwe sheria ndogo yenye meno, isiyotegemea huruma ya getini. Pikipiki ipimwe ikiingia, ipimwe ikiwa katikati ya mbio, ipimwe ikitoka, na mwenye kudanganya asirudi. Na sheria hiyo, mgeni rasmi, utuwie radhi, asipatikane mgeni yeyote wa kuiondoa hata kwa mzaha.

La tatu ni dogo. Siku za mbio tupate gari la kumwagia maji ile kona ya mbali, vumbi lilale, mtu akianguka aonekane.

MWISHO

Mgeni rasmi, funguo za pikipiki zote zimo kwenye sinia mbele yako. Hakuna itakayowashwa mpaka utakapokuwa umetujibu, na ukituambia turudi nyumbani tutazisukuma kwa mikono.

Utazame kule kwenye kona ya mbali. Yule mtu mmoja aliyesimama peke yake ni Martin. Stella ndiye aliyeomba asimame pale, pale hasa alipokuwa ameketi Denis, na hakutuambia kwa nini. Martin ameshika jani la sale, la kwake mwenyewe, ambalo hajapata wa kumpa. Stella akimaliza kusoma ataweka karatasi chini, atapuliza filimbi ile ile, mara moja. Martin akiisikia, ataliinua jani. Stella ataondoka hapa kwenda kulipokea, na ni mbali kidogo, kwa hiyo tunawaomba mkae mumsubiri.

Mungu akubariki, mgeni rasmi, akurudishe kwako salama. Mungu ampumzishe Denis mahali penye utulivu, ampe mama Redempta nguvu za kupanda mlima tena jioni ya leo. Na sasa, wazee na vijana, tunaomba kimya.

Ni sisi,
Wapanda Pikipiki wa Mikindu.