Dago la Siku Saba la Bi Persida

Kitendawili, wasikilizaji wapendwa. Mmeshasema tega? Haya. Nyumba yangu ina paa, lakini jua, mvua na nyota vyaingia bila ya hodi.

Najua mshaanza kukuna vichwa. Huyu asema chandarua, yule asema wavu. Sivyo. Nipeni mji. Mmenipa Wete? Nimekwenda Wete, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Jibu lake ni kibanda cha Bi Persida.

Na Bi Persida ndiye tunayemkumbuka leo. Ametutoka Jumanne iliyopita, nyumbani kwake, njia ya Wesha. Alikuwa mchuma karafuu. Alikuwa mwalimu wa watoto kanisani, Chake Chake. Na kila mwaka, karafuu zikishauzwa, aliiacha nyumba yake ya matofali na bati akalala siku saba kibandani, uani. Siku saba, wasikilizaji. Nyumba ipo, kitanda kipo, mwenyewe yuko chini ya makuti.

Baba yake alitoka Masasi kuja kuchuma karafuu, akaoa, hakurudi tena. Persida alizaliwa dagoni. Kwa msiojua, dago ni kambi ya msimu: wakata fito, watupia makuti juu, wakaa hapo mpaka kazi iishe. Persida alijua kuchambua karafuu kabla hajajua kusoma.

Alipokuwa msichana akasomewa darasani habari za Sikukuu ya Vibanda. Waisraeli waliamriwa, mavuno yakishaingia, watoke majumbani wakae vibandani siku saba. Wakumbuke kwamba walipotoka Misri hawakuwa na nyumba, na Mungu aliwalisha jangwani. Persida akacheka. Mwalimu akamuuliza kinachomchekesha. Akasema, "Hilo si dago?"

Basi dago hilo akalishika maisha yake yote. Padri alimwambia wazi kuwa Mkristo hafungwi na sikukuu hiyo, kwa sababu kwa imani yao yote iliyoyaashiria yametimia kwa Yesu. Bi Persida akajibu kuwa analijua hilo, na ndilo hasa linalomlaza humo. Watoto aliwafundisha hivi: Mungu hakukaa mbali akatuma salamu. Neno lake lilivaa mwili wa binadamu, likaja kupiga dago kwetu, penye tope na mbu. Na sisi nasi tuko dagoni tu, kwetu hasa kuko mbele. Watoto walielewa. Nani Pemba asiyelijua dago?

Sasa, jirani yake ni Mzee Othman, mwezekaji. Mzaliwa wa Wambaa, na anayemjua anajua kuwa mapaa yake hayavuji. Akiezeka huingia ndani, akatazama juu, na akiona hata tundu la sindano hupanda tena. Watu humfuata hata kutoka Chokocho. Mambo ya kanisa si yake. Yeye ni mtu wa msikitini, na alikuwa akisema, "Dini yako siijui, Bi Persida. Paa nalijua."

Mwaka juzi vuli ikawahi. Mzee Othman akawa anamsikia jirani yake akikohoa kule kibandani, mvua inanyesha. Ikamuuma. Ikamuuma kwa ajili ya jirani, na tuseme kweli, ikamuuma kwa ajili ya jina lake mwenyewe pia. Wapita njia watasemaje, kwamba jirani wa Othman analala chini ya chekeche?

Jumapili, Bi Persida alipokwenda kanisani, Mzee Othman akabeba makuti mapya na kamba zake. Akaezeka. Akabananisha makuti kama anaezekea harusi. Bi Persida aliporudi akalitazama lile paa, akashukuru, akamtilia kahawa. Mzee akarudi kwake kifua mbele.

Asubuhi yake akachungulia. Makuti yako chini. Bi Persida kashika ufito, anatoboa paa.

Mzee Othman akaingia uani hata salamu hakutoa.

"Bi Persida, kama hukuitaka kazi yangu ungenambia. Kunivua nguo mbele za watu, nimekukosa nini?"

"Hujanikosa, ndugu yangu. Umelifanya zuri mno. Ndani ya kibanda hiki lazima nione mbingu."

"Na mvua?"

"Na mvua. Nikilala chini ya paa lako, usingizi wangu nakutegemea weye, Othman. Siku saba hizi nataka nimtegemee Yeye."

Mzee Othman akainama kuokota makuti yake. Ndipo Bi Persida alipomuuliza, kwa upole tu: "Hebu niambie, katika mapaa yako yote, lipi unalolionea fahari?"

Alitoka na makuti yake begani.

Walinuniana kidogo, kisha jirani ni jirani. Lakini swali halikuisha. Likawa mzaha wa uani. Bi Persida akianika nguo humwuliza, "Bado?" Naye hujibu, "Bado, nayapanga."

Mwaka jana Bi Persida hakuweza kusimama. Sikukuu ikafika, kibanda hakuna. Vijana wa kanisa wanajua bati, makuti hawayajui. Binti yake Mgeni akaenda kubisha kwa Mzee Othman, na anasema haikuwa rahisi, kwa sababu alijua anamwomba mtu avunje sifa yake kwa mkono wake. "Nikamwambia, mama hataki paa zuri. Anataka linaloonesha mbingu."

Mzee akaja. Mgeni anasema kazi ya saa moja ilimchukua mchana kutwa. Akifunga kuti, mkono wenyewe unalisogeza kuziba. Alijikemea, akalifungua, akaliachia nafasi. Mwisho akaingia ndani, akalala chali, akatazama juu. Alikuwa akitafuta matundu, na safari hii alipoyaona hakupanda tena, akatoka.

Wakambeba Bi Persida wakamweka humo. Mchana yakapita manyunyu. Tone likapenya makuti, likamdondokea kwenye paji la uso. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, halafu akamgeukia Mzee Othman.

"Bado?"

"Bado, Bi Persida."

Hiyo ndiyo ilikuwa sikukuu yake ya mwisho.

Mgeni, mwanangu, na jamaa zako wote hapa na Masasi, poleni sana. Mlikuwa na mwanamke wa kujivunia, nasi tunajivunia kwamba alikuwa wa kwetu. Mungu amlaze panapodumu. Nanyi wasikilizaji wapendwa, leo mkiingia majumbani mwenu tazameni juu kidogo, mjiulize mnalala kwa kumtegemea nani.

Waombolezaji walipotoka mazikoni walikaa uani kwa marehemu, kwenye jamvi. Mtu mmoja, ili kuchangamsha mazungumzo, akaanza kumsifu Mzee Othman kwa paa jipya la kule Chokocho, kwamba mvua yote ya masika haikupenya hata tone. Mzee akawa anazungusha kikombe cha kahawa mkononi.

Mgeni akamwambia, "Mzee Othman, mama ameondoka hukumjibu ni paa lipi."

Mzee akakiweka kikombe chini. "Lile lililomvujia usoni," akasema.