Moto wa Kupuliza

Basi la Nguvumali lilikuwa ndiyo kwanza linaondoka mjini, Bi Mastura akaanza kumgombeza yaya aliyekaa naye na mwanawe mapajani, mtu asiyemjua hata jina. Uweso alikuwa nyuma yao na sigara yake, akasikia yote.

"Mtoto wa miaka mitano kafungwa bendeji shavu zima. Ulikuwa wapi, mwanangu?"

"Palepale, mama. Mtoto wa memsabu wangu katimiza miaka minne, wakawasha mishumaa juu ya keki, wakawaambia watoto wapulize."

"Na wako akapuliza."

"Kapuliza nilivyomfundisha mimi. Nyumbani ndiye anayenichochea kuni kila asubuhi. Kainama, kasogeza uso mpaka motoni, mtandio wake ukashika moto."

"Kwani wao moto wanaupuliza ili uzime?"

"Uzime, kisha wapige makofi."

Bi Mastura akatema mate nje ya dirisha, na Uweso, asiyependa watu wa kutema mate garini, safari hii akamwachia.

"Na huyo memsabu wako kasemaje?"

"Kasema mwanangu kaharibu keki."

"Basi kesho usirudi."

"Nisirudi, huyu atakula nini, bendeji?"

Basi likasimama Nguvumali. Yaya akainuka na mtoto begani. Mtoto akaiona sigara ya Uweso, akachongoa midomo, akasogeza uso. Uweso akaifumbata kiganjani, ikiwaka vilevile.