Kompyuta ya Breki

Kuhusu magari, Rodah alijua lori la majani chai tu, kwa hivyo mafundi wawili wa gereji waliobishana mbele yake ndani ya basi hawakumhusu.

"Hilo gari la milango miwili lilikuwa na karibu tani mbili," alisema Arasa. "Nimelipunguza uzito. Nimetoa tairi la spea, nikatoa hata kompyuta ya breki. Sasa linapaa!"

Kipngeno alishtuka. "Kompyuta? Hiyo ndiyo inazuia tairi zisiteleze!"

"Dereva ni mzuri. Kesho anambeba bibi arusi wa kule Chebunyo, Cherotich."

Rodah aliinama mbele. Akamshika Arasa bega. "Cherotich ni mtoto wangu!"

Basi liliposimama Kaplong, Kipngeno alisema, "Mama, shuka na sisi twende gereji, hiyo kompyuta irudishwe leo." Arasa bado alikuwa akisema dereva ni mzuri.