Kumuaga Bwana Afya, na Shauri la Bi Zena wa Uji

Mheshimiwa Bwana Mwenyekiti wa Kamati ya Mazungumzo ya Afya, masheikh wetu mlioketi mbele, majumbe wa mitaa, mabwana makarani mliokuja na viatu vya kung'aa katika tope hili la Kariakoo, wafanya biashara wenzangu wa soko, mahamali, mabibi mlio nyuma ya pazia, na wewe Bi Zena uliyekataa kukaa nyuma ya pazia: assalamu alaikum, na wasio wa salamu hiyo, hamjambo nyote.

Ngojeni kwanza. Bwana Muhiddin, karani wetu, amesimama ubavuni pa Bwana Mwenyekiti ili amfasirie. Bwana Muhiddin, nimesalimu watu wa namna nane, nawe umefungua kinywa mara moja ukakifunga. Umemwambia nini? "Amesema hamjambo"? Basi? Ndugu yangu, leo usinipunguzie. Mimi ni muuza halua, mizani ikipunjwa naijua kwa macho.

Kwa wageni wasionijua, naitwa Humoud bin Seif, halua yangu inapikwa Mtaa wa Kongo, na wazee wa soko wamenichagua mimi nisimame hapa kusifu afya. Kumpa muuza halua kazi hiyo ni kumkabidhi fisi bucha, lakini wamesema nina sauti kubwa. Basi nimepewa jambo moja, kumuaga Bwana Tarsis, Bwana Afya wetu, anayehamia Dodoma kwa cheo kikubwa. Nami nimekuja na jambo la pili, na sitaki liwashtue. Jumatatu asubuhi, kwa amri ya Kamati, Bi Zena ataondolewa mlangoni pa soko pamoja na chungu chake cha uji, asirudi tena. Miaka kumi na mmoja amekaa pale, mjane, na chungu kile ndicho kilicholea wanawe watatu. Mimi nataka amri ile ife leo kabla hatujatawanyika. Sasa mnajua ninakokwenda.

Tuanze na Bwana Tarsis. Miaka miwili iliyopita wakubwa wetu walikaa, wakatazama, wakaona watu wa Kariakoo tunaumwa. Tunakunywa maji mabichi, tunaacha mitungi wazi, tunakula sukari kama tumeahidiwa kwamba kesho haitakuwapo. Wakabandika mabango. Mabango yakafaa sana kufungia karanga. Ndipo mwenye busara mmoja akasema: watu hawa wasibandikiwe, wazungumzishwe. Nani atakataa neno hilo? Ni neno zuri. Mtu hubadilishwa na mtu.

Lakini neno zuri likipita ofisini huvalishwa suruali. Yakapigwa chapa maswali matano kwenye karatasi. Ikaamriwa kila mazungumzo yawe ya dakika mbili, yaandikwe daftarini, na yawe thelathini kila wiki. Bwana Tarsis akapewa karatasi, daftari, na saa ya mnyororo, akatumwa kwetu.

Mtu wake wa kwanza alikuwa Mrisho, hamali, yule pale, anacheka. Mrisho alikuwa na gunia la mchele kichwani. Bwana Tarsis akamsimamisha katikati ya jua, hakusema hujambo, hakusema pole na mzigo, akasoma: "Je, kwa siku unautumikisha mwili wako kiasi gani?" Mrisho akamjibu, "Bwana, nitue kwanza, au nijibu nalo?"

Jamani, sokoni palivuma siku ile! Watu walisema, mtoto wa watu huyu, mzuri, msomi, koti limepigwa pasi, lakini kwao hawakumfunza kusalimu? Pwani hii mtu hakuulizi tumbo lako kabla ya kukuuliza hali yako. Bwana Tarsis ni muungwana, alipoambiwa alisikia. Wiki ya pili akaja na salamu. Habari za asubuhi? Njema. Habari za nyumbani? Njema, mama watoto ana homa kidogo. Loo, pole, alianza lini? Alianza juzi. Na wazee shamba? Wazima, wanakusalimu. Hawamjui, lakini wanamsalimu. Na hapo ndipo saa ya mnyororo inapolia dakika ya pili, na Bwana Tarsis, mtu wa amri, anaandika daftarini "mazungumzo moja", anafunga, anakwenda kwa mwingine.

Hivyo ndivyo mlivyozungumzishwa afya kwa miezi saba, ndugu zangu. Mlisalimiwa. Si nyie wenyewe mliokuwa mkisema Serikali hii ina adabu siku hizi, imemwajiri mtu wa kutuuliza hali? Na daftari likajaa, likaletwa la pili, nalo likajaa. Kamati ikachora mstari unaopanda, na afya ya Kariakoo ikapanda kwenye karatasi mpaka karatasi ikaisha. Mitungi, wakati huo, iko wazi.

Bwana Muhiddin, hapo umefasiri? Mbona Bwana Mwenyekiti anatabasamu? Haya.

Sasa, wakati Bwana Tarsis anasalimu upande huu wa mlango, upande wa pili Bi Zena alikuwa anauza uji. Bi Zena kusoma hasomi, saa hana. Ana upawa, ana sufuria ya maji yanayochemka anayosuuzia bakuli mbele ya macho yako, na ana ulimi, Mungu atuhifadhi. Bi Zena ni Mzaramo. Na Kariakoo hii imejaa Wanyamwezi, waliokuja na misafara na waliobaki baada ya vita. Ninyi mnajua maana yake, Bwana Mwenyekiti hajui, kwa hiyo Bwana Muhiddin nenda taratibu: Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Ukifiwa, mtani wako anaweza kuingia kaburini kabla ya maiti, akalala, akadai apewe chake ndipo atoke, na hakuna wa kumgusa. Mtani hukwambia lile ambalo mkeo amelimeza mwaka mzima. Na ukikasirika, aibu ni yako wewe.

Basi anakuja hamali: "Bi Zena, tia sukari. Tia tena." Naye upawa umesimama hewani: "Mnyamwezi wee! Ya tatu hiyo! Basi acha na sanda hapa hapa, usije ukanisumbua Ijumaa." Watu wanacheka, mwenyewe anacheka, na kesho yake anaomba kijiko kimoja, maana kuchekwa na Mzaramo siku mbili mfululizo hakuvumiliki. Hayo ndiyo mazungumzo. Hayana karatasi, na dakika zake hazihesabiki.

Na mimi? Mimi nilikuwa nikipita pale nimepanda rikisho. Kutoka Mtaa wa Kongo mpaka sokoni, njia ambayo mbuzi mgonjwa angeimaliza bila kupumzika, Humoud anavutwa na mtu mwembamba kuliko mkono wangu huu. Nilikuwa na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu. Kiatu kilinichubua kabla ya Ramadhani, na mpaka Mfungo Tatu, mwezi wa Hija, kidonda kilikuwa kibichi. Nilikipaka asali, nikakipaka mafuta ya nyonyo, nilikipaka kila kitu isipokuwa akili. Siku moja Bi Zena akanipigia kelele mbele ya watu: "Wee Mnyamwezi wa kwenye gari! Sisimizi wanafuata nini chooni kwako, wanadhani umemwaga halua?"

Aliyemwambia ni mke wangu Nunu. Nunu alikuwa ameniambia mimi mwenyewe mara tatu juu ya sisimizi wale, nami nikamjibu afagie.

Semeni mtakalo, neno la sisimizi lilinichoma. Lakini lililonichoma zaidi ni lile jingine. Mimi, ninayewahesabia wageni babu zangu mpaka Oman, niitwe Mnyamwezi mlangoni pa soko! Nilirudi nyumbani. Nikamwita karani mmoja mwenye mwandiko mzuri, nikampa kahawa, tukaandika lalamiko kwa wakubwa. Bwana Muhiddin, usitazame chini, fasiri: karani yule ni wewe. Tuliandika kwamba Bi Zena anaziba njia, kwamba uji wake ni mchafu, na kwamba anawatukana watu wenye heshima zao.

Naam. Amri ya Jumatatu imetokana na lalamiko langu mimi. Piga kelele, Mrisho, una haki.

Wiki ile ile, kwa hasira tu, ili nimthibitishie kwamba ni mwongo, nikaenda hospitali. Daktari akapima mkojo, kisha akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia. Akanieleza kwamba nina sukari hata kwenye mkojo, na ndiyo iliyowaita sisimizi wale. Akasema, ungekawia miezi miwili mguu huu tungeukata hapa. Nililia, jamani. Nililia mbele ya watu wasionijua. Nikaacha sukari mimi, mwenye masufuria matatu ya halua jikoni, nikawa naonja halua kwa pua. Nikaacha rikisho. Leo nimekuja kwa miguu, na mguu wenyewe ni huu, tazameni, kidole kipo. Bwana Mwenyekiti, sogea nawe utazame, hili halimo daftarini.

Na nani aliyeiona mapema nguvu ya ulimi wa Bi Zena? Bwana Tarsis, na hapa ndipo ninapomsifu kwa moyo wangu wote. Alitia saa mfukoni, akaketi kando ya chungu cha Bi Zena miezi minne, akisikiliza. Akawa anamweleza alichosoma, kwa nini maji yachemshwe, kwa nini mtungi ufunikwe. Bi Zena anayachukua, anayatia pilipili ya utani, na wiki haiishi utaona mtaa mzima unafunika mitungi ili usichekwe. Na miezi ile minne daftari la Bwana Tarsis lilikuwa jeupe. Kamati ikamletea barua ya karipio: huzungumzi na watu. Akajibu, wanazungumzishwa, ila anayewazungumzisha ni muuza uji. Kamati ikamjibu kwamba muuza uji hayumo katika orodha ya watumishi, kwa hiyo hajazungumza.

Cheo anachokwendea Dodoma amepewa kwa ile miezi ya salamu. Msinikonyeze. Jana nilimwomba ruhusa niyaseme, akacheka akaniambia, "Yaseme, Mzee Humoud. Mimi nimeyaandika mara tatu." Bwana Tarsis, nenda salama. Na huko uendako, uliza kwanza nani mtani wa nani.

Na lalamiko langu? Nililisahau. Nilidhani limekufa. Kumbe lilikuwa linatembea, ofisi hii mpaka ofisi ile, nalo lilikuwa na afya kuliko mimi. Wiki iliyopita limerudi na mhuri. Nikakimbia kulifuta. Nikaambiwa halifutiki, isipokuwa mlalamikaji asimame mbele ya Bwana Mwenyekiti na mashahidi wawili akiri kwamba alisema uongo, neno kwa neno. Siku tatu sikulala vizuri. Si kwa ajili ya uji. Uji ule ni safi kuliko halua yangu, nakiri. Njia haizibi, nakiri. Ni lile neno la tatu lililonishinda, kwamba alinitukana aliponiita Mnyamwezi.

Mama yangu aliitwa Kalunde. Alizaliwa Unyanyembe, kwa Wanyamwezi. Baba alimleta pwani, na mkono huu ninaokorogea halua aliufunza yeye. Wageni wa heshima walipokuja, mimi mwanawe nilimwambia akae jikoni. Naye alikaa, hakunilaumu hata siku moja, mpaka alipokufa. Wanangu wamekaa pale, na jina la bibi yao wanalisikia leo. Naona haya, wallahi, naona haya sana.

Basi, mashahidi wangu, sikutukanwa. Niliitwa mwana wa mama yangu, na aliyeniita ni mtani wangu, na mtani hashitakiwi. Lalamiko langu ni uongo mwanzo hadi mwisho, nalifuta.

Bwana Muhiddin, yote hayo. Yote, hata la kahawa.

Anafasiri. Leo kwa mara ya kwanza anasema maneno mengi kuliko mimi. Anasemaje Bwana Mwenyekiti? Anauliza utani huo umeandikwa katika sheria gani? Mwambie haukuandikwa, ungeandikwa ungekuwa umeshapotea ofisini. Mwambie hivyo hivyo. Na mwambie mashahidi wawili aliowataka nimemletea mia mbili.

Anaomba kalamu.

Amekata. Nyamazeni, nyamazeni jamani! Amri imekatwa, Bwana Muhiddin ameiona kwa macho yake. Bi Zena, Jumatatu upo mlangoni.

Bi Zena, nilikukosea, na nilikukosea kwa sababu ulisema kweli. Nakuomba radhi mbele ya watu hawa wote. Nawe sema lolote unalotaka, sitajibu.

"Kaa chini, Mnyamwezi, utachosha mguu wa watu! Na kesho uje kwa miguu unywe uji, bila sukari!"

Mmemsikia. Nimeamriwa, nami nakaa. Kwa subira yenu na masikio yenu, ahsanteni wote mliokuja.