Nywele Alizoziomba Bibiane

Wasikilizaji wapendwa, leo nimeingia studioni na majonzi, na nimeingia na hasira. Majonzi, kwa sababu Bibiane Mapendo hayupo tena. Hasira, kwa sababu alipokuwepo hatukumsikiliza.

Bibiane alikuwa mtafiti wa sumu. Narudia, maana pale Kisugu, mtaani kwake, jambo hili halikueleweka mpaka anazikwa: alichunguza sumu, hakutengeneza sumu. Alizaliwa Bukavu, akaja Kampala na dada yake mkubwa, Hortense, akasoma, akapata kazi maabara. Alipima zebaki inayotiwa kwenye krimu za kung'arisha ngozi. Zebaki hiyo hupenya ngozi, ikaharibu figo, ikatetemesha mikono, ikamfikia hata mtoto aliye tumboni.

Basi watu walifanyaje? Waliposikia neno sumu, wakaacha kula chakula chake. Jirani alipobatiza mtoto, Bibiane alipika sombe, kisamvu cha kwao, sufuria nzima. Ikarudi nyumbani nzima. Aliitazama, akacheka kwa uchungu.

"Sumu ya mu sahani banaogopa," alisema. "Ya mu mukebe banajipakaa kila siku."

Na mikebe hiyo ya krimu aliiuza nani? Hortense, dada yake mwenyewe, dukani Kansanga. Mikebe hiyo ndiyo iliyomsomesha Bibiane. Alilijua hilo, na lilimzuia kila alipotaka kufoka. Hortense naye alijipaka. Uso ulikuwa mweupe, vifundo vya vidole vimebaki vyeusi, na siku za karibuni hata kikombe cha chai kilimtetemeka mkononi.

Bibiane aliomba kitu kimoja. Nywele. Kijifungu kidogo cha nywele, zilizokatwa kisogoni, karibu na ngozi. Mkojo husimulia ya juzi, alieleza, lakini nywele hutunza habari za miezi. Mkojo watu walitoa. Nywele, hawataki. Nani ampe mtu nywele zake akazichezee, tena mtu wa sumu?

Kila Jumapili alipomsuka dada yake alimgusa kisogoni, akaomba. Na kila Jumapili Hortense alizoa zilizodondoka, akazichoma.

"Nywele yangu haitoke mu hii nyumba," Hortense alisema. "Mi nilikulea, sasa unaitafutia nini?"

"Da Hortense, mi siombe kichwa. Naomba nywele."

Mwezi wa tatu, lori liligonga pikipiki aliyopanda kwenye barabara ya Ggaba. Bibiane akafariki pale pale. Lori, wasikilizaji. Si sumu. Nasema hivi kwa kuwa najua maneno yalivyopita mtaani.

Matanga yalipokwisha, wanawake wa ukoo walinyoa vichwa, ndiyo desturi yao. Safari hii Hortense hakuchoma kitu. Alizoa nywele zote, akazijaza kwenye kavera, mfuko ule wa plastiki, akaupeleka mwenyewe maabara. Akampa Ojok, aliyefanya kazi meza moja na marehemu.

"Mama, hii nywele ni ya nani?"

"Ya sisi bote."

Ojok akashika kichwa. Nywele za wanawake saba, zimechanganyika. Zebaki ingepatikana humo, lakini ya nani? Na vichwa vyote saba vimebaki vipara. Mimi niliposimuliwa hapa nilitaka kurusha simu ukutani. Miaka yote mama huyu ananyima, na siku anayotoa, anatoa zisizofaa!

"Hii haiwezi kusaidia," Ojok alimwambia taratibu. "Ngoja ingine iote. Lakini hiyo itasema tu kitu mnajipaka kuanzia leo."

Hortense alirudi Kansanga, akaishusha mikebe yote rafuni. Darlène, binti yake, alimkuta ameketi sakafuni katikati ya mikebe, analia kwa sauti, kilio ambacho hata makaburini hakukilia.

"Alikuwa anaomba kidogo tu," Darlène ananiambia mama yake alirudia maneno hayo. "Kidogo tu, na mi nikamunyima."

Juma lililopita nywele zilikuwa zimefika upana wa kidole. Hortense alirudi maabara na wale wanawake sita, kila mmoja na bahasha yake. Ojok akachukua mkasi, akauliza akate upande gani. Hortense aliinama, akaweka kidole kisogoni.

"Hapa. Ndiyo pale yeye alikuwa anagusa."

Mama Hortense, Darlène, na ukoo wote, poleni sana. Mungu amlaze Bibiane mahali pema. Majibu ya maabara bado hayajatoka, na sitajifanya kuyajua.

Na wewe unayenisikiliza mbele ya kioo, mkebe umeushika, usiniambie hukusikia. Kabla hujafungua kifuniko, mkumbuke marehemu. Hakukuomba kichwa. Alikuomba nywele.