Xavérine Murekatete, Aliyetufundisha Kutunza Vitu vya Wazee

Ndugu, majirani, na ninyi wa Goma mliovuka mpaka asubuhi hii, mimi ni Aimable, mdogo wake marehemu, na nitasoma taratibu ingawa mwenyewe angenifokea kwamba nachelewesha watu.

Dada yetu Xavérine Murekatete alizaliwa Goma tarehe 14 Agosti 1966, akasoma huko hadi diploma ya ualimu mwaka 1987, na Septemba 1994 akarudi Rwanda, nchi ya asili ya wazazi wetu, pamoja nao, akafundisha shule ya msingi Rugerero. Tarehe 27 Julai 1996 alifunga ndoa na shemeji yetu Jean de Dieu, Mungu akawajalia mabinti wawili, Mwiza na Teta.

Mwaka 2008 aliacha chaki akaingia kwenye nyumba ndogo ya makumbusho pale Nengo, na bon, niseme ukweli kama alivyousema mwenyewe bila haya: mwezi wa kwanza tu alichukua icyansi, chombo cha mti cha maziwa alichokitoa mzee Anastase, akakiosha kwa sabuni kama sufuria, akakianika juani, kikapasuka toka mdomoni hadi chini. Alilia, akaenda kwa miguu kumwomba mzee msamaha, kisha akaenda Huye kusomea kazi hiyo miezi sita.

Tangu 2012 alifundisha wafanyakazi wa makumbusho na waandika historia wa Nyamyumba na Rugerero, namna ya kushika kitu kwa mikono miwili, kuzuia wadudu, kuandika jina la aliyekitoa kabla halijasahaulika, na kila mafunzo aliyafungua kwa kuweka mezani kile chombo kilichopasuka. Alikuwa mkali, jamani! Ukigusa kikapu na mafuta ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, mikononi, ungemtambua.

Figo zilianza kumsumbua Mei 2023, na kilichomnyima raha ni kufikiri kwamba vitu ambavyo watu walimwamini navyo vitaliwa na mchwa akishaondoka. Januari mwaka huu alibebwa kitini hadi Nengo, akamwangalia mwanafunzi wake Nishimwe akikagua rafu zote, akatafuta kosa akalikosa, akanuna kidogo, halafu akacheka hadi machozi. Alifariki hospitalini tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, mumewe akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea kuni na chakula, na wenzake wa kazi. Nimesikia wengine mkinung'unika kwamba Nishimwe hakuonekana kwenye misa. Amefika sasa hivi, kwa sababu alipitia kwanza makumbusho kufungua madirisha ili unyevu wa ziwa utoke, wala hakuna aliyemtuma. Umesikia, dada? Basi pumzika kwa amani.